Pipa la Maji Mlangoni

Rafiki yangu Berenado,

Mbwa wako Posta amepofuka. Nimeona uipate habari hii kwangu, kwa kuwa kosa ni langu.

Tangu askari walipokupandisha lori mwaka huu wa sabini na mbili, mlango wako umepigiliwa misumari. Mkeo alivuka ziwa na watoto. Kaburi lako hatukuonyeshwa. Dereva mmoja alisema tu kwamba hamkufika hata Bujumbura. Posta alihamia nyuma ya ua wangu, na kila asubuhi alikwenda kukungoja barabarani. Nilimtupia ugali na vichwa vya samaki wa ndagala kwa mbali. Unanijua. "Maalim, wewe unaogopa mate ya mbwa kuliko serikali," ulizoea kunicheka.

Jumanne iliyopita, kwenye michikichi, swila alimtemea sumu machoni. Alikuja analia, akijisugua uso kwa makucha. Nilijua la kufanya. Ulinifundisha bila mimi kuomba, tangu mwaka wa uhuru ulipokabidhiwa sanduku la dawa za mifugo na kuanza kuzunguka Rumonge kwa baiskeli. Mboni ikiwa nyeupe kwa mbwa mzee, ulisema, ni mtoto wa jicho. Huondolewa kwa kisu cha mtaalamu, naye huku hatuna. Jicho likivimba na kuwa gumu kama kokwa, lisipotibiwa upesi huzima. Mwiba huacha kidonda, nacho hupakwa marhamu. Lakini kwa sumu ya nyoka: "Maji kwanza, Maalim. Maji mengi, palepale. Dawa iko nyuma. Na mutu asilete mawese."

Maji yalikuwapo, pipa zima, mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, na mbwa alikuwa amelowa mate hadi shingoni. Nikasimama. Nikamwita jirani yangu Mkongomani, yule anayekausha samaki, aje amshike, lakini alikuwa ufukweni. Nikangoja. Sheria haikunizuia kumwokoa mnyama. Ingenitaka nioshe mikono mara saba, moja kwa udongo, basi. Naijua, naifundisha. Nilitaka tu nisichafuke.

Jirani alipofika tulimmwagia mpaka pipa likabaki tupu. Nikampaka marhamu uliyoniachia. Siku ya tatu macho yote mawili yalikuwa yamefunga utando kama maziwa yaliyoganda. Wa kuulizwa ulikuwa wewe.

Siku walipokuja kukuchukua pia nilikuwa hapo mlangoni, kando ya pipa hilo. Ulinitazama. Neno moja tu lilitakiwa kwangu, kwamba nakujua, kwamba kazi yako ni ng'ombe na mbuzi. Huenda lisingekuokoa. Sikulisema. Niliinama, nikamaliza kuosha miguu, nikaingia ndani kuswali.

Sikuombi msamaha, ningekuwa najitafutia nafuu. Sasa Posta nampeleka mimi barabarani, kwa kamba, na lori likipita hugeuza kichwa. Hapo mimi humshika shingoni mpaka litokomee. Majirani wananitazama, mwalimu wa Kurani na mbwa. Mmoja aliniuliza ni mbwa wa nani. Nilitaja jina lako, lote, kwa sauti ya darasani, naye akaondoka haraka.

Nitampeleka kila asubuhi hadi mmoja wetu afe, na kila atakayeuliza nitamtajia jina hilo. Kisha nitarudi kwenye pipa kuosha mikono mara saba.

Buriani, Berenado.

Maalim wako