Saa ya Abti Imesimama

Nyakong, wacha chochote unafanya huko Lodwar unisome.

Unakumbuka ile saa ya mtumba niliyomnunulia abti Ridwan, mjomba wangu dereva? Ile ya wapanda milima, yenye mlima uliochorwa nyuma? Leo mchana nimeikuta imesimama mkononi mwake.

Mimi na mdomo wangu! Nyumba imejaa majirani waliokuja kumjulia hali, maana tangu Jumamosi amelala na homa. Nikampigia Zubeyr aliyeniuzia, nikaweka sauti kubwa wote wasikie nikimwaibisha.

"Wewe mwizi, saa yako imekufa!"

Akacheka. "Dada, hiyo haina betri. Inajijaza mkono ukisogea. Ikikaa siku mbili bila kutikiswa, inalala. Kwani mwenye mkono yuko wapi?"

Siku mbili! Nyakong, nyumba nzima ikageuka. Tukauangalia mkono wa abti wa kushoto, wenye saa. Chai anakunywa na wa kulia, watu anawasalimia na wa kulia, anatutania, na hakuna aliyeona! Akaufunika kwa shuka.

"Abti, uinue."

"Saa haina shida, Samsam. Wacha."

"Abti, tafadhali, uinue."

Dereva wa lori miaka thelathini! Akaushika kwa ule wa kulia, akaniwekea mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. "Basi nitikisie wewe."

Gari la hospitali tumeita, bado halijafika.

Nimeutikisa. Saa ikaanza kutembea. Abti anacheka, "Nilikwambia ni nzima."

Nimjibu nini?