Kugombea Benchi la Nyuma

Tunduma,
Jumapili jioni

Mama yangu mzazi, shikamoo.

Na wewe mama mdogo Esta, unayemsomea dada yako barua hii, shikamoo pia. Nakuomba usome taratibu, usiruke mahali, na ukifika pale nilipokosa usipaze sauti hadi majirani wakaacha kuchimba viazi wakaja kusikiliza. Najua unavyopenda kuongeza chumvi. Safari hii chumvi iliyomo inatosha.

Mama, macho yanaendeleaje? Lile la kulia bado linaona mwanga wa mlangoni, au nalo limeanza kumfuata mwenzake? Baridi ya Ibaba mwezi huu naijua. Natumaini lile blanketi unajifunika wewe, hujamfunika ndama kama mwaka juzi. Na maharage mmeshapiga, au bado yako juani?

Sisi huku ni wazima. Baba Tumaini anakusalimu, bado anaziba pancha za malori kule karibu na mpaka. Wajukuu zako wanakua na wanamaliza unga. Mimi na vitenge vyangu sokoni tunaenda hivyo hivyo, leo wateja, kesho vumbi. Shida kubwa ya Tunduma ni ile ile, maji. Bomba la mtaa wetu linatoa siku mbili kwa wiki, na siku zenyewe linajichagulia lenyewe.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mbao. Nilifurahi sana kusikia kwamba umekubali kuja kutazamwa macho, maana daktari anakuja mwezi ujao, na akiondoka haijulikani atarudi lini. Lakini ndani ya barua kulikuwa na maneno mawili yaliyonichoma. La kwanza, uliandika kwamba mimi na mdogo wangu Anyosisye tukubaliane wenyewe ufikie kwa nani, na kwamba tukigombana hutakuja. La pili, uliandika hivi: "Sekela mwanangu, mtazame mke wa mdogo wako alivyo mnyenyekevu, umwige."

Nimwige! Mimi niliyekubebea ndoo ya maji kichwani kabla Anyosisye hajaota meno, nimwige msichana wa Kamsamba aliyeingia kwetu miaka minne tu iliyopita na gunia la mchele! Mama, namwonea wivu wifi yangu Yunisi. Nimeandika, na sifuti. Nilianza kumwonea wivu siku ile ya harusi ulipomshika mkono ukasema umepata binti, nami nimesimama hapo hapo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mchungaji wetu alihubiri juu ya wageni walioalikwa arusini. Akasema usikimbilie kiti cha mbele, usije ukaondolewa kwa aibu. Kaa nyuma, mwenye sherehe mwenyewe atakuita usogee. Tena akasema kila mmoja amwone mwenzake kuwa bora kuliko yeye. Nikasema amina, na amina ile niliitoa kwa sauti ili Yunisi aisikie.

Jumapili iliyofuata, sijui kama Ibaba mmewahi kuona watu wakigombea benchi la nyuma! Mwenyekiti wetu wa kinamama, ambaye tangu kanisa lijengwe hajawahi kuvuka benchi la pili, nilimkuta ameshatandika kanga yake kwenye benchi la mwisho kushika nafasi. Nikajipenyeza. Tukabanana wanane kwenye benchi la watu watano. Mbele kulikuwa kweupe kabisa. Mzee wa zamu akaja kutubembeleza, "Jamani, mchungaji akahubirie mbao?" Hakuna aliyejitikisa, kila mmoja alikuwa anangoja aitwe kwa jina. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya kwa ajili ya hiyo safari ya kutoka nyuma kwenda mbele.

Mara Yunisi akaingia amechelewa, pindo la gauni limelowa kwa sababu alipitia kumchotea maji bibi mmoja mgonjwa. Mzee wa zamu akamwonyesha benchi la kwanza. Hakubisha, hakujivuta. Akaenda akaketi peke yake mbele ya kanisa zima. Mimi nikangoja. Nikaimba, nikatoa sadaka, nikangoja, mpaka baraka ya mwisho hakuna aliyeniita. Tulipotoka nje watu wakaanza, "Huyu dada ana unyenyekevu, amekubali kukaa mbele peke yake." Mama, kwa mtu huyu hata mbele ni nyuma!

Nikasema basi, nitamshinda bombani. Watu wanamsifu kwamba kwenye foleni ya maji anawapisha wenzake. Siku bomba lilipotoa nikawahi, ndoo yangu ikawa ya tatu. Akaja mama mmoja mzee kutoka upande wa Zambia, nikampisha. "Natotela, bamayo," akanishukuru kwa Kibemba. Nikageuka kutazama ni nani ameona. Mwenyekiti wa kinamama alikuwa anakuja kwa mbali, nikampisha na mwingine ili afike akute bado napisha. Nikapisha wanne. Wa tano hakungoja kupishwa, akapita mwenyewe. Na maji yakakatika.

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu kichwani. Baba Tumaini alikuwa ametoka kazini, mikono myeusi kwa grisi.

"Maji yako wapi?"

"Nimewapisha wenzangu. Ni unyenyekevu."

"Haya," akasema, "mwambie huo unyenyekevu wako uje uninawishe mikono."

Cheka tu, mama. Lakini sasa nafika pale nilipomwomba mama mdogo asipaze sauti.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa uje kwangu. Nilinunua godoro nene na chupa mpya ya chai, na baba Tumaini alitenga kile chumba cha stoo akakipaka chokaa. Anyosisye yeye akashikilia mila, kwamba mama hufikia kwa mtoto wake wa kiume, kwa mkwe ni mgeni, hata kula hatakula akashiba. Nikaona huyu si Anyosisye anayesema, ni mkewe. Jumanne nikafunga biashara mapema nikaenda kwao. Mdogo wangu alikuwa kazini. Yunisi alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele kwenye ungo.

Nikamwambia, "Mama atafikia kwangu. Mimi nina chumba na nina wajukuu zake. Wewe huna hata mtoto wa kumletea bibi maji ya kunawa. Humu atazungumza na nani, na kuta?"

Ndiyo, mama. Nilisema hivyo kwa mdomo huu ulioufundisha sala. Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Sawa, wifi. Afikie kwako."

Nikatoka pale nimeshinda, nikapita sokoni nikiwaambia watu kwamba mama yangu anakuja kwangu. Nilipomsimulia baba Tumaini aliniuliza, "Ulimwambia hivyo hivyo?" Nikajibu ndiyo. Akaendelea kula bila kunitazama.

Jana mchana nikaenda kumweleza Anyosisye siku ya kukupokea stendi ya Mpemba. Sikumkuta. Nikasikia mtu uani, nikazunguka nyuma. Yunisi alikuwa amesimama juu ya kigoda anafungua kamba ndefu. Kamba yenyewe ilianzia mlango wa nyuma, ikapita kwenye mti wa mpera, ikaenda hadi chooni. Nikadhani ni ya kuanikia nguo, nikasema moyoni, watu wawili wana nguo ngapi hizi?

"Nilikuwa naileta kwako," akasema. "Ni ya mama."

"Ya mama ya nini?"

Akashuka. Akanionyesha mafundo. Fundo moja ni kizingiti, anyanyue mguu. Mafundo mawili, hapo njia inakata kona kwenye mpera. Mafundo matatu, amefika, mlango wa choo uko mkono wa kushoto. Alikuwa ameisokota mwenyewe kwa katani, kama kwao wanavyosokota za kufungia ng'ombe.

"Babu yetu kule Kamsamba alikuwa haoni," akasema. "Alikuwa anasema upofu ameuzoea, ila kuomba mkono kwenda chooni hatakuzoea. Baba akamfungia kamba, akawa anakwenda mwenyewe mpaka alipofariki. Kwako kuna wapangaji, wifi. Uwaambie mapema wasianike nguo juu yake."

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Fumba macho ujaribu."

Nikafumba, mama. Nikashika kamba. Nikapita fundo moja nikanyanyua mguu. Nikapita mawili nikakata kona, majani ya mpera yakanigusa usoni. Nilipofikia matatu nikanyoosha mkono wa kushoto, mlango ukawa pale pale. Nikalia. Mtu mzima nimesimama mlangoni pa choo nalia.

Sitakudanganya kwamba yalikuwa machozi ya toba. Ya kwanza yalikuwa ya wivu. Mimi ni mwanao, nimekwambia nakupenda katika kila barua, na nilifikiria godoro, chupa ya chai, na watu watakaoliona godoro. Sikufikiria hata mara moja utafikaje chooni. Na huyu ambaye nimemtukana kwa jambo alilonyimwa, alifikiria. Hapo wivu ulinikaba kuliko siku zote, maana niliona hata ningekesha mwezi mzima nikitafuta namna ya kumshinda, kamba ile isingenijia kichwani.

Toba ilikuja baadaye kidogo. Nilipiga magoti pale pale uani nikamwomba radhi kwa maneno ya Jumanne. Nilitegemea aseme amenisamehe zamani, kama watakatifu wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Nimekuchukia, wifi," akasema. "Tangu Jumanne nakuchukia. Kila nikiomba namwambia Mungu aniongezee siku mbili za kukuchukia, halafu nitaacha. Leo ndiyo ya mwisho."

"Na kamba ulikuwa unaileta hivyo hivyo?"

"Kamba si yako. Ni ya mama."

Kisha akasema jingine ambalo sikulitegemea. Eti kila barua unayomwandikia Anyosisye unauliza, "Dada yenu Sekela hajambo? Biashara yake je? Watoto wake je?" na mwisho kabisa ndipo unamsalimu yeye. Akasema amekuwa akiyahesabu hayo mwaka wa nne sasa. Mama, kumbe wewe huko Ibaba umekaa na viazi vyako, huku watu wazima wawili wanakugombania kama vifaranga!

Nikamwambia, "Rudisha kamba ilipokuwa. Mama atafikia hapa."

"Si tulishakubaliana afikie kwako?"

"Rudisha, wifi, kabla sijabadili mawazo."

Tukaifunga tena, yeye upande wa mlango na mimi upande wa choo. Nilikaza upande wangu mpaka akaniambia inatosha. Godoro nalo baba Tumaini amelipeleka kwao leo baada ya ibada. Nilisema liende jioni, watu wasione. Halafu nikaona jua linachelewa kushuka. Likaenda mchana, limepita katikati ya watu waliotoka kanisani. Unyenyekevu wangu bado ni mchanga, mama, uuombee.

Kwa hiyo jibu letu ndilo hili. Uliandika kwamba tukigombana hutakuja. Tumegombana, mama, ningeweza kukuficha lakini ungekuja kusikia kwa mtu mwingine. Usituadhibu kwa kubaki na giza huko. Njoo. Panda gari la Isongole, ushukie Mpemba, Anyosisye atakuwepo. Watakupeleka kwao moja kwa moja, nami sitakuja stendi kukupokea, maana najijua, nikikuona tu nitakamata mzigo wako nikimbie nao kwangu. Hiyo siku ya kwanza ni yao. Yunisi akikupa wali, kula na umsifu. Mimi wala usinitaje.

Mwambie baba mkubwa, aliyetulea tangu baba afariki, kwamba fimbo ya kutembelea aliyoniagiza nitaituma pamoja na wewe ukirudi. Msalimie Lugano kitindamimba wetu, na yule mchumba wake ambaye hajatuonyesha, mwambieni huyo binti kwamba wifi yake wa Tunduma siku hizi amepungua ukali. Msalimie mzee wa kanisa aliyenifundisha kipaimara. Akiuliza kama nayakumbuka aliyonifundisha, mama mdogo, funga barua, usimsomee.

Mimi siku hiyo nitakuwa nyumbani nimekaa, mlango wazi, nimevaa kile kitenge cha Jumapili. Safari hii benchi la nyuma nimelikalia kwa hiari yangu. Lakini mama, ukishakula, ukishapumzika, ukishaijaribu kamba, mtume mtu aniite. Nakuomba usichelewe kuniita.

Ni mimi mwanao wa kwanza (sijitangulizi, ndivyo ulivyotuzaa),

Sekela