Mama Hasemi Tena Mbele Yangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa aibu, naomba unisaidie kabla sijampoteza mama angali hai. Mimi ni mwalimu wa fasihi, miaka kumi na minne nawaambia wanafunzi kwamba hadithi bila sauti ni maiti iliyovishwa nguo, lakini hadithi zangu mwenyewe mhariri alikuwa akizirudisha, mara ya mwisho akaniambia, "Mwalimu, wahusika wako wote wanaongea kama ubao wa darasani," nikaumia, nikawa nakwenda kwa mama, ambaye ni fundi cherehani, nakaa karibu na mashine yake namsikiliza anavyowapiga vijembe wateja, anavyokatiza sentensi ili akate uzi kwa meno, na siku moja, akishona pindo, akanisimulia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, kwamba kabla yangu alizaa mtoto, ukoo wa baba wa mtoto ukamchukua, na hadi leo kila mwaka humshonea nguo moja kwa kukisia kimo, nami nilipofika kwangu nikaandika yote, neno kwa neno, mpaka pale alipovuta pumzi.

Kitabu kikatoka. Dada yangu mchoraji, ambaye sikumwambia kisa ni cha nani, alichora jalada: mwanamke amebana pini midomoni, gauni dogo mapajani, na ukimtazama unasikia anachokificha. Wasomaji wakasifu, "Sauti hii ni ya kweli!" Kisha redio ikasoma sura ya kwanza, mama yuko kazini na wateja wanne, mmoja akacheka, "Fundi, huyu si wewe kabisa?" Mama akafunga duka. Nilipokwenda aliniambia, "Nilidhani naongea na mwanangu, kumbe naongea na daftari." Tangu hapo nikiingia tu, anabana pini midomoni. Sasa mchapishaji anataka toleo la pili. Jina la mama nilificha, mtaa nikabadili, kosa langu ni lipi?

Mwalimu

Mwalimu, pole, ila pole yangu ni fupi. Unauliza kosa ambalo umelieleza mwenyewe. Jina ulificha, sauti ukaiacha uchi, na mtu hutambulika kwa sauti hata gizani. Wewe ndiye unayelifundisha somo hilo! Kuunda sauti ni kazi: unasikiliza watu mia, unachanganya, unatia jasho lako. Wewe umechomoa mdomo wa mama yako ukaubandika kwenye karatasi. Na dada yako umemtia wizini bila yeye kujua. Mweleze leo.

Toleo la pili, hapana. Mwandikie mchapishaji kabla hujalikunja gazeti hili. Kisha nenda kwa mama mikono mitupu, usijitetee kwa sanaa. Sema, "Mama, nimekukosea," unyamaze. Huenda asikusamehe, maji yakimwagika hayazoleki. Na yule mtoto mwingine, popote alipo, labda naye alisikia redio. Barua ndefu hivi, na hilo hukulifikiria hata mara moja.

Akikufukuza, toka. Akikaa kimya, kaa naye. Na kimya hicho, mwalimu, usithubutu kukiandika.