Nafasi Iliyobaki Kiwanjani

Kilole, Korogwe
Jumapili, 17 Septemba 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba magoti yamekupa nafuu tangu baridi ipungue huko Handeni. Bi Hamisa, aliyekuhifadhi nyumbani kwake, mfikishie shikamoo yangu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mjukuu wako Hajira ameota meno mawili na anauma kila anachokifikia.

Najua utashangaa kuona nimeandika, wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Nakuomba usiikunjue mpaka umalize kusoma hii.

Shangazi, tunaongeza chumba. Sufiani, fundi wetu wa kujenga, alitaka ramani kabla ya kuchimba msingi, nikamwambia nitaichora mwenyewe. Alicheka, akasema fundi wa pikipiki achore pikipiki. Lakini mimi nimekulia kando ya cherehani yako. Nimekuona ukichora gauni zima kwenye gazeti kabla mkasi haujagusa kitambaa, na ni wewe uliyenifundisha kusoma futi kamba. Kila mstari niliopiga, nimekushukuru.

Karatasi nne nilizitupa. Katika ile ya kwanza mlango ulifungukia kitandani. Ya pili mkweo Husna aliichora chini uani kwa majivu, akaingia ndani ya mistari na mtoto mgongoni, akajifanya anaamka kwenda chooni. Akasema mtu mwenye magoti mabovu asilazimike kutoka nje kwenye mvua. Choo kiwe humo humo, na mlangoni pasiwe na ngazi. Nikafuta, nikachora upya. Bila shaka umeshajua chumba ni cha nani.

Nilipoipeleka halmashauri, mama anayehusika na majengo, Mama Evodia, aliitazama kwa muda, akavisifu vipimo vyangu, kisha akanirudishia. Alisema nimechora chumba, sijachora kiwanja. Alitaka kuona nyumba iliyopo, mipaka, na nafasi inayobaki.

Jioni hiyo Husna alishika ncha ya futi kamba ukutani, nami nikarudi nyuma, nikipita katikati ya mihogo, hadi kwenye uzio wa minyaa. Nikaita mita tisa. Husna akauliza, "Si uliniambia hapa ni kwa jirani, tumeazima tu kulima?"



Shangazi, hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Mwaka ule nyumba uliyopanga ilipouzwa, ukaniuliza kama naweza kukuongezea hata kijichumba, nilikwambia kiwanja kimeisha. Hakikuwa kimeisha. Mita hizo tisa zilikuwepo. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikaogopa kwamba utaitawala nyumba yangu kama ulivyonitawala mimi, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Wewe ulijibu, "Haidhuru mwanangu, viwanja vya mjini ni vidogo." Ukaenda zako kwa Bi Hamisa.

Hajira alipozaliwa ulikuja bila kuitwa mara mbili. Siku arobaini ulilala sebuleni kwenye mkeka, ukamkanda mke wangu kwa maji ya moto, ukamwogesha mwanangu, na siku ya kuondoka ukaisifu nyumba. Kisamvu ulichotupikia ulikichuma kwenye mihogo ile ile. Hukuwahi kuuliza shamba ni la nani. Siku hizi nawaza kwamba labda ulijua.

Husna ndiye aliyesema niandike, maana kwenye simu ningezungukazunguka tu. Nisamehe, shangazi. Asante kwa kunilea, na asante kwa kutonihesabia. Hata ukiona huwezi kuja kuishi nasi, chumba kitajengwa na kitabaki chako, sitampangisha mtu.

Sasa kunjua ramani. Mihogo nimeshaing'oa. Utaona kila kitu kimo, isipokuwa dirisha. Ukuta mmoja unaelekea barabarani, mwingine unaelekea uani anapotambaa Hajira. Chukua kalamu ulichore unapolitaka, unirudishie. Mama Evodia nimemwambia asubiri, mwenye chumba hajajibu.

Husna anakusalimu sana na anakuombea afya. Mungu akuweke.

Mwanao,
Mustapha