Mshipi wa Nyuzi Sabini na Mbili

Navsari

Baba Perin,

Hatujambo. Achari ya karoti imeiva, na Perin ameota jino.

Shangazi yako karudi kutoka kwa huyo mwalimu wako wa siri za roho. Kaniambia: "Mumeo kakatazwa kusema mwezi wa tatu sasa, ila kila asubuhi anamwandikia mwalimu kurasa nne."

Mimi nimepata kikaratasi. Unataka mshipi mpya wa sala, kwa kuwa ule niliokufumia umemtunuku yeye. Nyuzi sabini na mbili, Faramroz! Nilizisokota nikiwa na mimba ya Perin.

Haya, nimefuma mwingine, mzuri kuliko ule. Nimeuvaa mwenyewe.

Wako akufumie huyo mwalimu.

Mama Perin