Karisa wa Nani, wa Wapi

Mwanaisha, rafiki yangu,

Kipindi hakikufutwa. Naanzia hapo kwa sababu ndilo swali uliloniuliza nilipokuja kukuona hospitalini, kabla hata sijaketi: "Wamekifuta?" Siku hiyo mkuu wa stesheni alikuwa bado hajaamua.

Unajua hali ilivyokuwa mwanzo. Watu wanapiga simu redioni kutafuta ndugu waliopoteana nao, nawauliza jina, kisha kompyuta inaanza kusoma kumbukumbu zote tulizokusanya, moja baada ya nyingine, na wasikilizaji hawasikii kitu ila kimya. Mkuu wa stesheni alikichoka kimya hicho.

Wewe ukaweka faharasa ya majina, ili kompyuta iende moja kwa moja kwenye jina, kama msomaji anayefungua kurasa za mwisho za kitabu akajua pa kutazama. Majina mengi yakaja upesi. Tulipoandika Karisa, ikatuletea akina Karisa wote wa kaunti nzima, nikabaki kuwapekua hewani. Ulicheka hadi ukashika meza. "Nyinyi Wagiriama! Karisa kamzaa Charo, Charo kamzaa Karisa. Hebu niambie, Kahindi, mashine imchukue yupi?" Nikakujibu kwamba kwetu Vitengeni tunauliza Karisa wa nani, wa wapi. Ukaacha kucheka. "Basi nayo iulize hivyo."

Ukapanga faharasa moja yenye jina, kisha la baba, kisha kijiji, kwa mfuatano huo. Amri zake ulinisomea kwa simu ukiwa kitandani, ukinikemea kila nilipokosea. Uliondoka kabla hatujaijaribu.

Tuliijaribu baada ya arobaini yako. Mkuu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa studio. Alikuwa ameshaniambia kwamba siku hiyo tukinyamaza tena hewani, kipindi anakifuta. Akapiga simu mama mmoja wa Watamu, yule ambaye kila akipiga muda wetu huisha kabla hatujamjibu. Anamtafuta kaka yake, Karisa.

"Karisa wa nani, mama?"

"Wa Charo. Wa Vitengeni."

Kabla sijamshukuru, kumbukumbu moja tu ilikuwa mbele yangu. Kaka mwenyewe alituachia ujumbe zamani kwamba yuko Muyeye, anawatafuta watu wake. Namba yake ilipatikana. Nikawaunganisha.

"Ni we, Karisa? Bado wakohoa?" Ndilo neno la kwanza alilomwambia.

Mkuu aliondoka mlangoni. Ratiba mpya ilipotoka, kipindi kilikuwemo, saa ile ile.

Nilitangaza hewani kwamba ni kazi yako. Unajua sisifu ovyo. Niliona ni habari, nikaisoma kama habari, ila jina lako nililisoma mara mbili.

Sasa mkuu anataka faharasa ya kila kitu: umri, kazi, hata rangi ya shati. Nimemkatalia kama ambavyo ungemkatalia. Kila kumbukumbu mpya inapoingia lazima iandikwe katika kila faharasa, na tukizizidisha, kuandika ndiko kutakakochelewa. Amenuna. Nakuahidi ataendelea kununa. Nitaongeza moja tu, inayoanza na kijiji, kwa wale wanaokumbuka walikotoka na jina la baba hawalijui.

Mungu akurehemu, Mwanaisha. Simu zimeanza kuita, naingia hewani.

Kahindi