Kolekole na Udi wa Khalaf

Shoga Saleha, asubuhi tulikuwa pwani, na sasa uso sijui niuweke wapi.

Mjukuu wangu Khalaf kataka kumvulia samaki Mzee Yaqoub wa mji wa Ibra, baba wa binti tunayemposa. Leo ndiyo siku ya jibu.

Kolekole anafuata chambo cha plastiki mpaka miguuni petu, ananusa, anarudi zake. Khalaf katia chekundu, katia cha fedha, katia chenye macho. Ananusa, anarudi zake.

Mzee kauliza, "Mwanangu, mikono umeipaka mafuta ya udi?"

"Naam, ammi, kwa heshima yako."

"Basi samaki kaona chakula, kanusa harusi."

Nikamkaribisha nyumbani chakula cha mchana, Khalaf akampakulia kwa mikono ile ile.

Haya, kitendawili: kaja mpaka sahanini, kanusa, karudi zake Ibra bila jibu. Si kolekole, shoga.